Ukuta wa Chumba Chako

Kaka Mkubwa,

Pokea salamu zangu. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo huko mliko. Sisi huku ni wazima wa kusema tu, maana mama anachechemea na mimi nina hasira, na hasira haina dawa hospitalini.

Kazi yangu ni ileile, karakana ya bodi za jipsamu. Tunakoroga unga, tunatandaza nyuzi za katani katikati ili bodi isikatike ovyo, tunamimina kwenye fremu. Bodi kuukuu hatutupi. Tunaiponda, tunachekecha, unga tunaukaanga, nyuzi tunazirudishia, inakuwa mpya. Siku moja nilimsimulia mama habari hiyo kwa majivuno. Bora ningefunga mdomo.

Uliposema unakuja na wifi, mama aliniomba nigawe chumba chake kwa ukuta wa bodi, upande mmoja uwe wako. Hukuja. Ulipopata mtoto ukasema sasa mnakuja wote, naye akataka ukuta usogezwe ili kitanda cha mtoto kipate nafasi. Niliponung'unika aliniuliza si nilisema mwenyewe vitu hivi haviharibiki. Nikabomoa, nikamimina upya. Akazaliwa wa pili, tukasogeza tena. Ukuta ungekuwa wa tofali, usiosogezeka, mama angebaki na chumba chake. Kila nikimwambia kaka haji, ananijibu subira huvuta heri. Nikimuuliza hiyo heri imekwama wapi, ananifukuza jikoni.

Kabati lake likahamia ukumbini. Kitandani alikuwa anapandia miguuni, kama mtu anayepanda lori. Kitanda chako, upande wa pili wa ukuta, kilikuwa na shuka safi, na alilibadilisha kila wiki ingawa hakuna aliyelilalia.

Mwezi uliopita aliteleza akaingia kati ya kitanda chake na ule ukuta, akakwama. Mimi nilikuwa kazini. Niliporudi jioni nilimkuta bado yuko palepale, nyonga imevimba, amejikojolea. Mama yetu, Kaka. Bodi ile ukiipiga teke la nguvu inatoboka, angetoka. Nilimuuliza kwa nini hakuipiga. Akasema aliogopa kukuharibia chumba.

Nililia, kisha nikachukua nyundo nikaubomoa wote. Tangu hapo mama ananisemesha kwa lazima tu. Aliponiona napakia vipande kwenye mkokoteni aliuliza nitaurudisha lini. Nikamwambia unga wake nitauweka kando karakana, na siku utakapofika nitaumimina. Anauulizia unga huo kuliko anavyoujali mguu wake.

Unga haupo. Niliumimina ukawa dari ya mteja ambaye hata simjui. Nimemdanganya mama na sijutii. Wewe umemdanganya miaka yote hii kwenye simu, kwa sauti tamu, na bado ndiye mtoto mwema.

Ombi langu ni moja. Usimwambie tena kwamba unakuja. Kama unakuja kweli, panda gari uje bila kutangaza. Utalala kitandani kwangu, mimi nitalala chini.

Nisalimie wifi, na watoto waambie wana shangazi. Salamu za mama sina, kwa kuwa hajui kama nimekuandikia. Angejua, angenisihi nisikuudhi, usije ukaahirisha safari.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba