Kura ya Mama Mwanaima

Mtopanga, Kisauni
Oktoba 1963

Ndugu yangu Stambuli,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila koo langu lingali linakwaruza kwa zile hotuba ambazo hazikunifaa kitu. Nataraji wewe na mkeo Khairiya hamjambo, na kwamba wakwe zako huko Mikindani hawajachoka kukulisha. Mama anakusalimu sana. Dada Johari aliniambia nikuandikie kwamba amekukasirikia, kisha akasema nisiandike.

Nimekuja huko mara mbili, na mara zote nikaambiwa umetoka. Mara ya pili niliviona viatu vyako mlangoni, lakini sikutaka kumtia aibu mkeo, nikanywa kahawa yangu nikaenda zangu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nimempa Chengo, fundi wa cherehani, akutie barua hii mkononi.

Najua unachokionea haya. Tuligombea kiti kimoja cha udiwani, ukanishinda, na watu wa mtaani wakaanza kusema kwamba aliyelelewa kwa hisani amemwangusha mwenye mama. Wallahi, iliniuma. Siku ya matokeo nilijifungia chumbani nisitake kumwona mtu. Kura yangu nilijipigia mwenyewe, tena nilikaza kalamu mpaka karatasi ikataka kutoboka, wala sioni haya kukuambia. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani. Tuliisema wenyewe kwenye mikutano yetu, kila mmoja akidhani anamwambia mwenzake. Hasira zimekwisha. Mimi napenda kusema na wewe unapenda kusikiliza, kwa hiyo huenda watu walichagua vizuri.

Linaloniumiza sasa ni Mama. Mama yako mzazi alipofariki ukingali mchanga, Mama yangu alikuweka ziwani, akakunyonyesha pamoja nami. Kwa ziwa hilo wewe ni mwanawe, na kwa ziwa hilo Johari huketi mbele yako bila buibui, kwa kuwa dini imekufanya kaka yake. Tangu tukiwa wadogo hukukosa kula hapa siku ya Ijumaa baada ya sala. Sasa Ijumaa zinapita, na Mama bado anakupakulia. Huifunika sahani kwa kawa, na jioni humpelekea jirani.

Ijumaa iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia aache kumpakulia mtu aliyepata ukubwa akatusahau. Mama akaniambia niketi. Akanieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote: kura yake alikupa wewe.

Nilidhani amekosea picha. Unakumbuka kwenye karatasi ya kura alama yangu ilikuwa mtungi na yako ufunguo. Nikamuuliza kwa upole kama hakuchanganya. Akanijibu kwamba yeye hutunga uzi sindanoni bila miwani, sembuse kutofautisha mtungi na ufunguo. Basi nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya mtu mzima, kwa nini asinipe mimi niliye mwanawe wa kuzaa.

Akasema mimi nikishindwa nitakuja kulia kwake. Lakini wewe ukishindwa na mimi, utaona haya kuupita mlango wake, na huna mama mwingine wa kumlilia. Akasema alisimama na ile karatasi akatuwazia sote wawili, akaona kwamba wa kupotea ni wewe.

Nililia, Stambuli. Nililia palepale mbele yake, mwanamume mzima mwenye ndevu, naye akanipangusa kwa ncha ya leso yake.

Na wewe umeshinda, na bado umepotea. Hilo Mama hakuliwazia kabisa. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza nikuambie au ninyamaze, maana hakunituma, wala hajui kwamba ninaandika. Lakini naona ni haki yako kujua. Hakukupa kura ile uwe diwani, ndugu yangu. Alikupa ili usiache kuja.

Msalimie sana Khairiya, na wakwe zako uwaambie kahawa yao ni nzuri. Mola atupe uhai sote tuuone huo uhuru tuliokuwa tukiutangaza majukwaani. Na Ijumaa hii, ukija, usilete maneno ya kuomba radhi. Mwite tu Mama ukiwa nje, aisikie sauti yako.

Wasalaam,
Ndugu yako wa ziwa moja,
Badi