Toto la Mpira na Ridha Wetu

Jumatatu, 9 Septemba 2019
Basi tukabaki palepale kwenye benchi la hospitali. Andika, Time mkamwana, usinikate! Mie na mwanangu Ghania, na Ridha wake mapajani — miezi minane, mbavu zinaingia ndani, midomo rangi ya zambarau. Manesi wote chumbani. Nkachungulia. Wamelizunguka toto la mpira! Madaktari wageni wa mradi, Wazungu, wanawafunza kumzindua mtoto alozimia. Mmoja anapuliza, wenzake wanahesabu, halafu makofi — toto limepona!
Nkagonga kioo: na huyu wa nyama jee?
Akatoka Haroub, mkuu wa zamu. Ati nisubiri, wamo kwenye mafunzo ya dharura. Dharura!
Nkampita. Nkalisukuma toto lao, nkamlaza wetu palepale mezani. Mama mmoja wa Kizungu hakuuliza neno, kamtia mrija wa oksijeni puani. Haki yake naisema.

Jumanne, 10 Septemba
Ridha kapata rangi. Haroub kaja kunisomea: mlianza kumnywesha kombe, ndo mkachelewa. Kombe ni aya zilooshwa kwa maji, kikombe kimoja tu! Benchi lake jee? Babake, Mzee Nyange, nlichuma naye karafuu. Mtu wa taratibu yule, salamu yake haikwishi hadi umechoka kujibu. Huyu kiburi kakitoa wapi sijui.

Alhamisi, 12 Septemba
Wageni wanaondoka kesho. Na mashine ya oksijeni wanaondoka nayo! Ati ya mafunzo, inatakiwa Unguja. Ya hospitali mbovu, yangoja fundi. Walimtoa Ridha mrija kidogo kumjaribu — mbavu zikaanza tena. Wakamrudishia. Ghania halali.

Ijumaa, 13 Septemba
Haroub kaniletea kanga mpya. Nivae, nimbebe Ridha, tupigwe picha ya kuwaaga wageni, niwaambie ushirikiano wao umemponya.
— Na mashine?
— Lazima ifungwe, Bi Mgeni. Boti haingoji.
— Na huyu pumzi atavutia wapi?
— Tutaona, inshallah.
Nkamwambia wamwachie mashine, wachukue toto lao, lile halina haja ya pumzi. Kacheka! Kadhani namtania.
Sasa huyo Ghania ananiita. Nini? Wanasemaje? Wamtoe mrija, apendeze pichani?
Weka kalamu, Time. Nipishe.
Wee Haroub! Usiuguse huo! Nakuja!