Chupa Iliyokaa Siku Kumi na Nane Juu ya Kabati

Kimemi, Butembo
Tarehe 14 Mei 2024

Mpendwa Kaka Delphin,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Habari za afya yako na za wifi yangu Mélanie? Na ile baridi ya Liège uliyosema imekuingia magotini, imetoka? Sisi tunaamka, tunamshukuru Mungu. Mvua haituachi, na barabara ya hapa Kimemi ni tope tupu.

Basi, nimekusalimu kama inavyotakiwa. Sasa kaa chini, maana nimekasirika. Jeannine uliyemtuma kwetu anarudi huko Alhamisi, naye atakuletea barua hii. Simu nimeikwepa kwa makusudi: ningekupigia kelele, ungekata.

Nilikuomba chupa moja tu, ndogo kuliko kidole. Kingamwili cha kutafutia HER2, kile kimeng'enya kinachokaa kwenye utando wa seli na kuziamuru zigawanyike bila kuchoka. Kama uvimbe wa titi la Mama unacho kwa wingi, kingamwili kinakinasa, rangi ya kahawia inatokea, na daktari anajua dawa ya kumpa. Kama haunacho, anampa nyingine. Nilikuambia pia kwamba chupa hiyo lazima ikae kwenye baridi toka mkononi mwako hadi mkononi mwangu.

Wewe ukafanya nini? Ukaipanga vizuri kwenye barafu, ukafunga sanduku, kisha ukaandika juu yake kwa wino mnene: Kwa familia ya Baba Mkubwa Muyisa, Beni. Najua kwa nini. Uliogopa mzee asije akasema unamruka na kuwatumia wadogo vitu bila yeye kujua. Adabu nzuri sana! Lakini umesahau nyumba uliyokulia? Kifurushi cha Ulaya chenye jina la familia hakifunguliwi mpaka familia yote iwe imeketi.

Jeannine alifika mapema kuliko ulivyoniambia, akakabidhi sanduku pale palipoandikwa. Yeye simlaumu. Baba Mkubwa akaliweka juu ya kabati la sebuleni, karibu na mabati ya paa yanayochoma kwa jua, akawangoja ndugu zetu wa Vuhovi wamalize kuvuna maharagwe. Siku kumi na nane, Kaka! Mimi niliitwa Jumapili kama wengine, bila kuambiwa sababu. Nilipoliona lile sanduku, nilisimama hapo hapo. Nikauliza kwa nini hakuna aliyelifungua.

"Weye Katungu," Baba Mkubwa akanijibu, "colis ya familia, tutafungua namna gani na batu bengine bako mu mashamba?"

Tukasali, akafungua. Barafu ilikuwa maji ya moto. Akageuza sanduku juu chini, akaishika ile chupa kwa vidole viwili, akaniangalia. "Mais Delphin iko mutu wa namna gani? Hata soksi?" Alikasirika kuliko mimi.

Hata hivyo niliijaribu maabara ninakofanya kazi. Niliweka kipande cha uvimbe wa Mama pamoja na kipande kingine tunachojua kina HER2 tele. Vyote viwili vikabaki bila rangi. Maana yake chupa imekufa, na kuhusu Mama hatujui lolote. Lakini Madame Ngalula, mkuu wetu wa maabara aliyetumwa kutoka Kasai, akaniambia, "Andika tu négatif, docteur anangojea karatasi." Négatif, yaani HER2 hakuna! Mama anyimwe dawa yake kwa sababu ya kabati! Nilikataa mbele ya watu wote, nikamwonyesha kipande cha pili. Alinuna mchana kutwa, mwishowe akaandika kwamba jibu halijapatikana.

Kwenye nta tulimohifadhi uvimbe wa Mama, nyama iliyobaki inatosha kukatwa mara mbili tu. Daktari atangoja hadi mwisho wa Juni, asizidi hapo. Kwa hiyo tuma nyingine, na juu yake andika jina langu peke yake. Baba Mkubwa akinuna, atanuna na mimi. Soksi zake ziweke kwenye mfuko mwingine, hizo uziandikie familia.

Anakusalimu yeye, pamoja na binti yake Godelive, na Nzanzu, na watu wote wa Vuhovi.

Mama pia anakusalimu. Bado anakaa kwa Baba Mkubwa tangu tuliache shamba la Mbau. Godelive ameniambia kwamba ni Mama aliyekuwa akilipangusa vumbi lile sanduku kila asubuhi. Watoto walipotaka kuchungulia, aliwafukuza kwa ufagio: "Muache! Ile ni kitu ya mutoto wangu." Hajui ile chupa ilikuwa ya kazi gani. Mimi sitamwambia, na wewe usije ukamwambia hata siku moja.

Mungu akutunze, na aifikishe chupa ya pili ikiwa baridi.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Katungu