Kwa Mama Yetu Gobnait Twomey, Aliyekaa Benchi la Mwisho

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipotuomba tufungue dirisha usikie nyuki. Tulikuambia nyuki wamejikunyata mizingani kwa baridi. Ukasema, "Basi na mimi nipumzike kidogo." Hukuamka tena.

Ni mimi Hanora, mwanao wa kwanza, niliyeshika kalamu. Cáit yuko mezani anamenya viazi na kunisahihisha. Diarmuid amesimama mlangoni akijifanya hasikilizi. Baba amekaa kwenye kiti chake kando ya moto, macho ameyafumba, na wewe wajua kwamba Baba akifumba macho ndipo anaposikia zaidi.

Tunakumbuka mikono yako iliyonukia moshi na asali. Tunakumbuka mkate wako wa magadi, ulivyouchora msalaba juu kwa kisu kabla ya kuutia motoni, na ole wake aliyeukata ungali moto. Ulipewa jina la mtakatifu wetu wa nyuki, ukasema basi huna budi kuwafuga. Kila mwaka, kabla ya siku ya kubariki mishumaa, ulipeleka nta kanisani Gortnaleaca, safi, ya manjano, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Hukuwahi kukosa mwaka hata mmoja, hata miaka ile ambayo nta yako iliwaka altareni na wewe mwenyewe hukuruhusiwa kuikaribia.

Ukutani mwa jiko letu, juu ya taa ndogo nyekundu, ilikuwapo picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Kulia kwake Mama wa Mungu. Kushoto, Mossie Creedon na kofia yake upande. Sisi watoto tuliamini Mossie ni mtakatifu kama wengine. Cáit alimuuliza mwalimu wa katekisimu sikukuu yake ni lini, akachapwa. Alipokuja kulia kwako ulimwambia, "Sikukuu yake ni tarehe saba Desemba, siku waliyompiga risasi. Lakini usimsumbue mwalimu."

Tulikua ndipo tukaelewa. Waingereza walipoondoka nchini mwetu waliacha mkataba uliotupa sehemu tu ya nchi, na mkataba ule ukawagawa watu waliokuwa wamelala handaki moja. Wapo walioukubali wakashika serikali mpya. Wapo walioukataa wakasema nchi nzima au basi, wakarudi milimani na bunduki zao. Wewe ulikuwa msichana wa ukoo wa Kelleher, una baiskeli na miguu myepesi, nawe ulikuwa upande wa milimani. Ulibeba barua zao ndani ya soksi, chini ya mayai, katikati ya mkate. Mossie alikuwa jirani yenu na mmoja wao. Alikamatwa, akauawa na askari waliokuwa wamesoma naye.

Kabla ya hapo ndipo maaskofu walipoandika waraka wao. Kanoni Sheehy, padri wetu wa parokia, aliusoma Jumapili, mwanzo hadi mwisho, na kila mtu anasema sauti yake haikutetemeka: wanaopigana na serikali halali ni wauaji, wasipewe ondoleo la dhambi, wala wasikaribie meza ya Bwana. Ulikuwa umepiga magoti mbele, mahali pa ukoo wenu. Jumamosi iliyofuata uliingia kwenye kitubio kuungama kama kila Jumamosi. Kanoni akakuuliza kama umeacha kazi ile na kama unaijutia. Ukamwambia hujaiacha wala huijutii. Akafunga kidirisha kilichokuwa kati yenu.

Bibi yetu, mama yako, alilia wiki nzima. Alikuambia mbele ya wadogo zako, "Sema tu neno moja, mwanangu. Mungu anajua moyoni una nini." Ukamjibu kwamba kama Mungu anajua moyoni una nini, basi ndiyo sababu huwezi kumsemea uongo.

Jumapili ile ulihamia benchi la mwisho, chini ya ngazi za kwaya, penye upepo. Wengi wangeacha kanisa, na wengi waliacha. Wengine walikwenda mjini kwa mapadri watawa waliowahurumia vijana wa milimani, wakaungama huko, wakarudi wameinua vichwa. Wewe ulishauriwa hivyo mara nyingi. Ulisema, "Nimetolewa kwa mlango huu. Siwezi kurudi kwa dirisha la nyumba ya watu."

Basi watu wakipanga foleni kwenda kupokea komunyo, wewe ulibaki umepiga magoti peke yako, miaka nenda rudi. Tulipofikia umri wa kupokea tulikupita kila Jumapili kwenye kona ya benchi, na ulitugusa mgongoni tukipita. Wanawake walikuwa na maneno yao. Jirani yetu Bibi Moynihan alikuuliza pale tunapopeleka maziwa, mbele ya mikokoteni yote, "Gobnait, bado hujasamehewa tu?" Ukamjibu taratibu, ukishusha kopo lako, "Bado. Lakini na wao bado hawajaja kuniomba radhi, kwa hiyo tunangojeana." Diarmuid anasema wanaume walicheka mpaka farasi wakashtuka. Cáit anasema hukuwa unatania.

Sasa tuje kwa Baba, maana habari yako bila Baba ni nusu ya habari.

Kaka yake, Batt Twomey, aliukubali mkataba, akavaa sare ya serikali mpya. Aliuawa kwenye shambulio la darajani, karibu na Macroom, na walioshambulia walikuwa watu wako. Familia ya Twomey ilifunga milango kwa kila mtu wa milimani. Kisha, miaka michache baada ya vita kwisha, Baba, Cornelius Twomey, akaanza kuonekana kwenye uzio wenu, akidai anatafuta ndama. Ndama huyo alipotea mara nyingi sana mwaka ule.

Kabla hajakuposa alikuuliza jambo moja. Mlikuwa mmekaa juu ya ukuta wa mawe, hamtazamani. Alikuuliza, "Gobnait, barua ya darajani. Ni wewe uliyeibeba?"

Ukasema, "Sijui, Con. Nilibeba nyingi. Sikufungua hata moja."

Alishuka ukutani, akaenda zake, na ukajua hatarudi. Alirudi. Wazazi wake hawakuja harusini. Kanoni aliwafungisha ndoa asubuhi na mapema kwenye altare ya pembeni, bila Misa, kana kwamba mlikuwa mnaiba kitu.

Na hivyo sisi tulizaliwa katika nyumba iliyosali rozari kila jioni kwa Kiayalandi cha babu zetu, tumepiga magoti, viwiko juu ya viti. Baada ya fumbo la tano zilifuata nyongeza: kwa wagonjwa, kwa walio Marekani, kwa mvua iache. Mwisho kabisa Baba alisema, "Kwa roho ya Batt." Nawe ukasema, "Kwa roho ya Mossie." Tukawaitikia wote wawili sawasawa. Hamkuwahi kugombana juu ya hilo, wala hamkuwahi kulizungumza.

Kilichotokea nilipokuwa na miaka kumi, Mama, ndicho watu wa hapa wanachokisimulia mpaka leo, na kila mmoja anakisimulia vibaya. Ngoja nikiseme kama ulivyonisimulia mwenyewe, mwaka nilipoolewa.

Katika pande zetu Misa husomwa majumbani kwa zamu, masika na vuli. Padri huja asubuhi, husikia maungamo ya majirani chumbani, kisha husoma Misa kwenye meza ya jikoni, na watu hunywa chai pamoja. Kila zamu ilipofika kwetu, Kanoni aliiruka nyumba yetu akataja inayofuata. Baba hakusema kitu, ila masika na vuli alikuwa na hasira na ng'ombe. Mwaka ule nyumba inayofuata iliingiwa na homa ya watoto, na ile ya baada yake iko juu kabisa mlimani, na Kanoni alikuwa mzee mwenye miguu iliyovimba. Akatangaza altareni, "Misa ya zamu itakuwa kwa Cornelius Twomey." Kanisa zima liligeuka kutazama nyuma.

Ulipaka nyumba chokaa ndani na nje. Ulipaka hata banda la kuku. Baba alikuuliza kama Kanoni ataungamisha kuku, ukamwambia ashike brashi.

Asubuhi ile jiko lilijaa. Bibi Moynihan alikuwapo, na koti lake jipya. Kanoni aliketi chumbani kwenu, kando ya kitanda, na majirani wakaingia mmoja mmoja na kutoka. Wakaisha. Ulikuwa umesimama kando ya moto na aproni yako. Uliivua, ukamkabidhi Cáit, ukaingia ukafunga mlango.

Ulipiga magoti. Kanoni alikuambia, akitazama mikono yake, "Bibi Twomey, ninalazimika kukuuliza lile lile nililokuuliza zamani."

Ulimwambia, "Na mimi nitakujibu lile lile, Kanoni. Sijutii kuitaka nchi yangu. Lakini ulinidai toba ya kitu nisichokijutia, hukuniuliza ninachokijutia."

Kanoni akasema, "Basi nakuuliza sasa."

Ukamwambia. Ulimwambia kwamba lipo jambo unalolipitia kila siku moyoni nalo ni la darajani. Kwamba huenda uliyabeba mauti ya kijana wa watu chini ya mayai. Kwamba umelala kando ya kaka yake miaka yote hii, na kila anapolitaja jina lile jioni unahisi umepiga magoti juu ya vioo. Ulimwambia hujawahi kulitamka kwa yeyote, maana mlango pekee uliokuwa wa kulitamkia ulifungwa.

Kanoni Sheehy alitoa leso. Akasema, "Mimi nilisoma waraka tu, mwanangu. Sikuuandika."

"Uliusoma kwa sauti kubwa, Kanoni," ulimwambia.

"Ni kweli," akasema. "Niliusoma kwa sauti kubwa." Kisha akainua mkono wake akakuondolea dhambi zako kwa Kilatini, na alipofika mwisho sauti ilimkatika, akaanza upya.

Sisi tuliokuwa jikoni hatukujua lolote kati ya haya. Tuliona mlango unafunguka, wewe unatoka uso umekuwa mwekundu, unawasha mishumaa ya nta yako kwenye meza tuliyokandia unga jana yake. Wakati wa komunyo ulikuja ukapiga magoti kwenye sakafu yako mwenyewe. Baba alisogea akapiga magoti kando yako, mabega yamegusana. Bibi Moynihan alilia kwa kelele kuliko wote, na kwa hilo tulimsamehe mengi.

Baadaye, chai ilipoandaliwa, Kanoni aliwekewa yai moja. Desturi ni mawili kwa padri. Baba alikuuliza kwa sauti ya chini kama umesahau. Ukasema hujasahau.

Usiku huo ulimwambia Baba ulichomwambia Kanoni. Hatujui alikujibu nini, wala hatutauliza. Ila tangu jioni iliyofuata, Baba ndiye aliyeanza kusema, "Kwa roho ya Mossie," na wewe ukamtaja Batt.

Ulizeeka vizuri, Mama. Ulirudi mbele, penye benchi la ukoo wenu, ukalalamika kwamba huko mbele kuna joto. Misa ilipoacha Kilatini ikasomwa kwa lugha yetu wenyewe, lugha uliyoipigania, tulidhani utafurahi. Ulisema Mungu alikuwa amekuzoea kwa Kilatini, na sasa inabidi mjuane upya.

Siku ya maziko yako, wanawake wenzako wa siku za milimani walikuja na bendera ya taifa, ya kijani, nyeupe na chungwa, kukufunika. Padri Cremin, kijana na mwenye adabu, aliwazuia mlangoni. Alisema ndiyo taratibu, jeneza likiingia kanisani hufunikwa kitambaa cha kanisa peke yake, bendera ingojee nje. Wanawake wakasema basi na wao watangoja nje. Wazee wakaanza kupandisha sauti, na tuliona yale ya zamani yanataka kuamka juu ya jeneza lako.

Baba alijongea na fimbo yake. Aliwaomba bendera. Hawakutaka kumpa, wakijua ni Twomey wa upande gani. Akawaambia, "Kaka yangu alizikwa na hii hii. Nami nimeishi na mke wangu miaka arobaini. Nipeni." Wakampa. Akaikunja mara nyingi, polepole, akafungua koti lake, akaitia kifuani, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Akamwambia Padri Cremin, "Mimi ni mzee, Padri. Naogopa baridi."

Padri alimtazama kifua kilivyojaa. Akampisha.

Alikaa nayo Misa nzima, mkono wake juu ya moyo, na alipokwenda kupokea komunyo alikwenda nayo. Kaburini alifungua koti, akakufunika kwa mikono yake mwenyewe kabla hujashushwa.

Misa ya kukuombea itasomwa kanisani Gortnaleaca Jumamosi hii asubuhi, kisha rozari kaburini, na chai nyumbani kwa wote, wa mkataba na wa milimani. Tunakukumbuka sisi: mumeo Cornelius, wanao Hanora, Diarmuid na Cáit, wakwe zako, wajukuu zako, ndugu zako wa ukoo wa Kelleher, na wa ukoo wa Twomey pia, waliokuja mwaka huu kwa mara ya kwanza wakakaa mezani pako.

Baba amefumbua macho. Anasema niandike kwamba tutakukumbuka siku zote za maisha yetu. Nimemwambia nimekwisha kuandika. Anasema niandike tena. Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, Mama.