Hatua Elfu Kumi na Moja za Baba

Jumapili jioni, Same. Upepo wa vumbi umevuma tangu asubuhi. Nimefunga dirisha la mbele na bado kuna mchanga juu ya cherehani.

Baba amejilaza chumba cha watoto. Mimi nimekaa jikoni na simu, na sina raha hata kidogo. Nina ile hali ya kugundua kwamba umedanganywa, halafu ukichunguza vizuri unajikuta na wewe umo miongoni mwa waliodanganya.

Mchana huu kaka yangu Eliamini, anayeishi Dodoma, amenitumia makala kuhusu saa janja zinazotarajiwa kutoka hivi karibuni. Siku kama ya leo, bado ananitumia habari za saa. Nimeisoma ili nipate la kukasirikia. Makala yenyewe nimeiruka, nikaenda kwenye maoni ya watu chini yake. Mmoja anataka saa itakayopima sukari bila kumchoma sindano. Mwingine anataka presha bila ule mkanda wa kubana mkono. Kuna anayeomba chaji ikae mwezi mzima. Kuna dada mmoja amelalamika kwamba saa yake inamhesabia hatua akiwa amekaa kanisani anapiga makofi na kwaya, na akifua mashuka inampongeza kwa kutembea.

Wote wanaamini toleo lijalo litakuwa la kweli zaidi.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepima watu miaka kumi na tisa, na hakuna mtu anayesimama mbele ya futi yangu bila kubana tumbo. Wanawake, wanaume, hata mchungaji. Ndiyo maana kila nikipima naongeza inchi moja kimyakimya, na nguo zangu hazirudishwi. Mtu akijua anapimwa, hawi tena yule aliyeingia mlangoni. Hili nalijua kwa mikono yangu, na bado nilikubali Baba apimwe na saa.

Ilianza mwezi wa pili. Eliamini alinunua saa, akapanda nayo hadi kwetu Myamba, akamvalisha Baba na kuiunganisha na simu ya pale nyumbani ili yeye asome kila kitu akiwa Dodoma. Baba ana miaka sabini na sita na ana presha. Anatakiwa kwenda kliniki kila mwezi. Kaka alimwambia lengo ni hatua elfu sita kwa siku.

Wiki ya kwanza taarifa zilikuwa mbaya. Hatua mia saba, mia tisa, na moyo unakwenda mbio mtu akiwa amekaa tu. Kaka akapiga simu, akamwambia Baba kwamba hali hiyo ikiendelea atakuja kumchukua, ahamie Dodoma, shamba la tangawizi atafutiwe mtu. Nilikuwepo kwenye ile simu. Baba akasema tu amesikia.

Wiki iliyofuata Baba akapona.

Siwezi kulieleza kwa namna nyingine. Hatua elfu nane. Hatua elfu kumi na moja. Moyo umetulia kama wa askari wa depo. Usingizi saa nane bila kukatika. Kila jioni kaka alikuwa anapiga picha ya zile namba na kuiweka kwenye kundi la familia, na binamu wote wanaangusha alama za mikono ya kushukuru. Ilipofika tarehe ya kliniki, kaka akasema ya nini kumhangaisha mzee kwenye foleni wakati tunamwona hapa kila siku. Mwezi uliofuata tena hivyo. Na uliofuata.

Mimi nilikuwa na mashaka, na nayaandika hapa ili nisije kujidai baadaye kwamba sikuwa nayo. Kwanza nilidhani saa ni feki, kwamba kaka ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Kisha nikaona hatua zinaongezeka mara mbili siku za gulio, wakati Baba alikwisha kuacha kwenda gulioni tangu goti limsumbue. Nikamshuku hata kaka mwenyewe, kwamba anachagua picha nzuri na kuficha mbaya. Lakini kilichoniudhi zaidi ni sauti. Nikimpigia Baba, alikuwa anahema katikati ya sentensi. Anasema "mahindi", anavuta pumzi, anasema "yameota". Mtu wa hatua elfu kumi na moja hapumziki kati ya mahindi na kuota.

Niliyajua hayo yote, na nilikaa Same miezi mitatu nikishona sare za shule.

Kwa sababu zile namba zilinifaa. Gari la kupanda Myamba linaondoka asubuhi, linapitia Kisiwani, kwenda na kurudi siku nzima inakwisha. Saa ilinipa ruhusa ya kutokwenda, nami niliipokea.

Jana nikapanda. Sikupiga simu, maana nilitaka kumkuta mtu kabla hajabana tumbo.

Nilimkuta amekaa nje ukutani, kwenye kiti cha kamba, miguu ameiweka juu ya kigoda. Alikuwa amevaa kandambili za shangazi kwa sababu viatu vyake havimwingii tena. Ukungu ulikuwa haujainuka na yeye hana hata sweta. Mkono wa kushoto haukuwa na kitu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja bila taarifa?"

"Saa iko wapi?"

"Iko kazini," akasema, bila haya yoyote. "Naetwe ameenda nayo msaragambo."

Shangazi Naetwe ni mdogo wake Baba, mjane anayekaribia miaka sitini, na ndiye anayeishi naye tangu Mama afariki. Na kwa wasiokulia kwetu: msaragambo ni kazi ya kijiji. Pembe ikipulizwa, kila nyumba inatoa mtu mmoja aende na jembe kuzibua mfereji, kutengeneza barabara, au, kama jana, kuondoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Hakuna anayeuliza ni nani katika nyumba. Baba akiwa mgonjwa alikwenda Mama. Mama alipokuwa na kichanga nilikwenda mimi, na jembe refu kuliko mimi. Mradi mtu ameonekana, nyumba imehesabiwa, na jina lake halitajwi vibaya.

Nikamuuliza Baba ni tangu lini saa inavaliwa na shangazi.

"Tangu ile simu. Kaka yako alisema zinatakiwa hatua elfu sita. Mimi sizifikii. Naetwe anazimaliza kabla hajanywa chai. Basi nyumba imetoa mtu. Kuna ubaya gani?"

Nilicheka. Nakiri. Nilicheka hadi nikashika ukuta, maana niliiona miezi mitatu yote kwa mara moja: shangazi yangu akipanda na kushuka miteremko na tangawizi kichwani, na binamu zetu wa mjini wakimshukuru Mungu kwa afya ya kaka yake. Usingizi ule wa saa nane ulikuwa wake. Ule moyo wa askari wa depo ulikuwa wake.

Kisha nikapiga magoti kumvua kandambili nimpashe miguu joto, nikabonyeza juu ya kifundo. Kidole kilipotoka, shimo likabaki. Nikaacha kucheka.

Hadi saa hii sijui kama Baba alikosea kweli au alitupiga chenga. Nimejaribu kumwamini. Inawezekana kabisa kwamba kwake deni la hatua ni kama la jembe, halina jina la mtu, lina jina la nyumba. Lakini pia alisikia maneno "nitakuja kukuchukua", na Baba si mjinga. Kila nikimtazama ananikwepa macho, halafu ananiuliza habari za wateja.

Shangazi alirudi mchana, tope hadi magotini, saa ikiwa juu ya mkono na kioo chake ameshakipangusa kwa kanga. Nikamsalimia, akaitikia, akaona ninakotazama.

"Nilimwambia tuwaambie," akasema. "Anapanda hatua tatu anapumzika. Akasema tukiwaambia mtamteremsha. Nikamwambia mficha maradhi, kaka..." Hakumalizia, methali yenyewe ilikuwa imekaa pale ukutani inamsikiliza.

Nilitaka kumfokea. Mwanamke mzima, unamwona ndugu yako anavimba na unavaa saa yake. Aliivua taratibu, akaniwekea kiganjani.

"Jioni inatetemeka inaniandikia hongera," akasema. "Mimi nimelima milima hii tangu sijaolewa. Katika nyumba hii nani amewahi kunipa hongera?"

Nina aibu kwamba hata jana, baada ya kusikia hayo, sikumpa mimi.

Nilimvalisha Baba ile saa. Ikaandika mapigo mia na kumi na nane, kisha vistari, kisha tisini na tano, kisha ikamhimiza asimame atembee. Niliivua kabla hajaisoma. Jirani mwenye gari alitushusha hadi zahanati, si mbali, lakini Baba asingeweza kwenda kwa miguu na sote tulijua. Muuguzi alimfunga ule mkanda wa kubana mkono, ule ambao watu wa maoni hawautaki tena. Akajaza upepo, akasikiliza, akautoa. Akamfunga mkono wa pili, akajaza tena. Alipoandika hakunionyesha daftari.

"Mzee ana miezi mitatu hajaja hapa," akasema. Hakusema kwa ukali. Ukali ungenisaidia.

Alimpa dawa, akamlaza saa nzima, akampima tena ikawa imeshuka kidogo. Akaandika barua ya hospitali, tuwe Same kesho Jumatatu asubuhi na mapema, na kama kifua kikimbana kabla ya hapo tusingoje kupambazuke. Alitaja moyo. Alitaja maji kwenye miguu. Nilimwomba arudie nipate kushika vizuri, na bado nikashika nusu.

Leo asubuhi tumeteremka. Shangazi alitufungia makande kwenye hotpoti kama vile tunakwenda safari ya siku tatu. Baba alikaa mbele na dereva.

Mchana nikampigia kaka na kumweleza yote. Nikasikia analia, na mimi nikalia. Hilo lilikuwa jema. Kisha baada ya nusu saa ndipo akanitumia ile makala, na ujumbe chini yake: hizi zinazokuja zitapima presha zenyewe, na watu wanatarajia zitamtambua mwenye mkono, akivaa mwingine zinagoma.

Nimemwelewa. Anatafuta mahali pa kuweka uchungu wake, na dukani ndipo anapopajua. Ila nilikuwa na hasira, nikamwandikia kwamba saa haikukosea hata siku moja. Ilisema kuna mtu mzima mwenye afya nyumbani kwetu anatembea sana, na alikuwepo. Sisi ndio hatukuuliza ni nani. Nikafuta kabla sijatuma. Nimemwandikia tu: njoo.

Hajajibu bado. Naona ameusoma.

Mimi mwenyewe natarajia nini kwenye hizo saa mpya? Nimejiuliza hilo kwa dhati, na jibu limenitisha. Natarajia kile kile. Ikitoka ya kupima presha kweli, nitaitaka. Nitaitaka kwa sababu itaniruhusu tena kukaa huku chini nikishona, na safari hii dhamiri itatulia zaidi. Sijiamini na kifaa cha namna hiyo. Nimeandika hapa, na atakayenikuta ninakinunua anisute.

Jioni hii nimefungua begi la Baba nimtolee nguo za kesho. Kuna shati moja. Moja tu, lile jeupe la kanisani, limekunjwa na barua ya zahanati ndani yake. Hakuna kanzu ya kulalia, hakuna sweta, hakuna la kubadilisha. Amefunga begi la mtu anayerudi kesho.

Nilikuwa bado nimelishika alipoita kutoka chumbani.

"Mwanangu. Wakishanipima, utanirudisha Myamba?"

"Ndiyo, Baba," nikasema.

Hakuuliza tena. Nimemsikia akigeuka kitandani, akavuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. Kesho daktari atasema lake, na huenda likawa kwamba huyu mzee asipande mlima tena. Kaka yuko Dodoma, shangazi yuko na tangawizi. Wa kumwambia Baba ni mimi, na nimeshamjibu.