Kibanda Nyuma ya Nyumba

Mdogo wangu Sostenes,

Marahaba, ingawa ujumbe wako haukuwa na shikamoo. Hapa tupo, mpunga umekubali, na ng'ombe wa baba amezaa ndama jike.

Mhadhara wako wa kumkumbuka baba niliuhudhuria pale Nyasubi. Walinikalisha nyuma, karibu na masufuria. Mtaalamu wako wa historia ana sauti nzuri, hilo simnyimi. Alituambia kwamba baba, katekista wa kwanza huku kwetu, alikibomoa kibanda cha mizimu kwa mikono yake siku aliyobatizwa. Watu wakapiga makofi, na wewe ukajifuta machozi kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Mimi nilikuwa nakutazama tu. Nani aliyekuwa akikiezeka upya kila baada ya mavuno, kama si baba huyo huyo, akishatoka kusalisha?

Sasa unaniagiza nikibomoe kabla ya mhadhara ujao, maana wageni watatembezwa hapa nyumbani. Unasema kinakutia aibu.

Sikibomoi. Njoo ukibomoe mwenyewe, mbele ya wageni wako. Njia unaijua. Mwaka jana, ulipokuwa unautafuta ukurugenzi, hukuhitaji mtu wa kukuonyesha. Ulivua viatu mlangoni bila kuambiwa, ukamwaga maji ya unga, ukawataja babu zetu mmoja mmoja bila kukosea. Hata mimi ninayekifagia huwa namsahau mmoja.

Nisalimie wasomi wako.

Dada yako,
Justa