Barua Iliyokuita Mama Selestini

Newala,
14 Juni 2006

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na mdogo wangu Veridiana amekusaidia kupulizia dawa ya salfa mikorosho ya bondeni. Mimi ni mzima wa mwili. Huku ukungu haujaondoka tangu Jumatatu, na ofisini nimebaki peke yangu. Optatus amepata kazi kampuni ya simu Dar es Salaam, na hajaletwa mwingine. Nashinda na kompyuta, nayo haijawahi kuniuliza nimekula nini.

Mwezi uliopita nilikuwa nasafisha programu ya tovuti ya mradi wetu wa macho, ile inayotoa barua za kuwaita wagonjwa kliniki. Kila barua ina kiolezo, yaani maneno yaliyokwisha kuandikwa, na programu hujaza majina tu. Optatus aliacha violezo ishirini na vitatu, vimejaa masharti yasiyo na maelezo. Nikavifanya kimoja, nikajisifu mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na wa kunisifu.

Sasa Veridiana ameniandikia kwamba ulipata barua yetu ya kliniki iliyoanza “Mama Selestini”. Anasema ulilia, ukaiweka ndani ya Biblia, na unataka kupanda Newala kumshukuru aliyemkumbuka marehemu kaka. Tangu Baba alipokataza jina hilo nyumbani, mwaka wa tisa huu, kila mtu anakuita Mama Rogath.

Mama, hakuna aliyekumbuka. Sharti mojawapo nililofuta lilisema mtoto wa kwanza akiwa amefariki, mzazi aitwe kwa jina la anayefuata. Mimi mzaliwa wa huku huku, ninayejua mzazi haitwi kwa jina la marehemu wake, nililiona takataka. Wazazi thelathini na mmoja wameitwa kwa majina ya marehemu wao, na baba mmoja wa Lulindi amerudisha barua yake imechanwa. Ninaona aibu. Jana nimelirudisha sharti, na barua ijayo itakuita Mama Rogath kama kawaida.

Lakini kabla ya kulirudisha niliifungua barua yako nikaisoma kwa sauti. Sikuwa nimelitamka jina la kaka tangu tulipomzika. Nililia, Mama. Nilidhani nyumbani kwetu ni mimi peke yangu ninayemlilia bado. Wa kumshukuru huku hayupo, ila wewe njoo tu, tukae tumtaje.

Nisalimie Veridiana na majirani wote wa Lupaso.

Ni mimi mwanao, mdogo wake Selestini,
Rogath